Chonga Bodi, Nunua Shingo

Mwaka 1963, kijana wa shule katika kitongoji cha Feltham, magharibi mwa London, alitaka gitaa la umeme na kwao hakukuwa na fedha ya kulinunua. Yeye na baba yake, mtu aliyejua vizuri mambo ya elektroniki, wakaamua kuliunda wenyewe. Shingo waliichonga kutoka kwenye mbao ya mahogani ya meko ya kizamani, yenye matundu ya wadudu waliyoyaziba kwa njiti za kiberiti. Springi za mkono wa kutetemesha sauti zilitoka kwenye injini ya pikipiki, na ncha ya mkono huo ilikuwa kipande cha sindano ya kufumia ya mama yake. Kijana huyo ni Brian May, na gitaa hilo ndilo alilolitegemea katika bendi ya Queen, akipiga kando ya Freddie Mercury, mzaliwa wa Unguja.

Kisa hiki husimuliwa sana, ila kuna sehemu yake ambayo huachwa. May alisuka pia pikapu zake mwenyewe, yaani vinasa sauti vya gitaa, akazifunga, akazipiga, na sauti yake haikumridhisha. Akaenda kununua pikapu za kampuni ya Burns. Mtu aliyethubutu kugeuza meko kuwa shingo ya gitaa hakuona haya kununua kile ambacho kiwanda kilikiweza zaidi yake.

Nalitanguliza hilo kwa sababu wengi wanaotamani kuunda gitaa hukwama kwa kutaka kufanya kila kitu kwa mara moja: kuchonga shingo, kupiga freti, kusuka pikapu, kupaka rangi inayong'aa kama ya dukani. Miezi inapita, na kinachobaki ni ubao uliochongwa nusu, umeegemezwa nyuma ya mlango. Kwa gitaa la kwanza, ushauri wangu ni huu: chonga bodi kwa mikono yako, nunua shingo iliyokwisha kuwekewa freti, nunua pikapu, halafu muda wote unaobaki utumie kwenye vipimo na kwenye freti. Hapo ndipo gitaa linapopatikana au kupotea. Atakayekuambia kwamba gitaa la shingo ya kununua si lako, mwachie maneno yake. Leo Fender alipoanza kuuza magitaa yenye bodi ya ubao mzima mwaka 1950, shingo alizifunga kwa skrubu nne tu ili iliyoharibika ing'olewe na kuwekwa nyingine. Mpango huo ni rafiki mkubwa wa fundi wa nyumbani.

Swali la kwanza la kila mtu ni mbao. Wapiga gitaa wanaweza kubishana usiku kucha kuhusu sauti ya mbao hii na ile, nami nasema hivi: kwa gitaa la umeme, ubishi huo uache kabisa mpaka utakapounda la tatu au la nne. Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba maelfu ya mara. Uzi wa chuma unapotikisika juu yake, nguvu ya sumaku inavurugika na umeme kidogo unazaliwa kwenye waya. Umeme huo ndio unaokwenda kwenye ampu. Kwa hiyo chagua mbao kwa mambo matatu: ukavu, unyoofu na uzito. Gitaa la majaribio la Fender lilikuwa la msonobari, mti ambao sisi tunaufungia kenchi za mapaa.

Mninga unafaa sana kwa sababu ukishakauka hautikisiki: haupindi wala haupasuki kirahisi, hata ukihamishwa kutoka Dodoma kwenda Tanga. Kasoro yake ni uzito. Bodi ya kawaida ya mninga, yenye unene wa milimita 45, hulifanya gitaa zima lipite kilo 4, na bega la mpigaji litalalamika kabla onyesho halijafika nusu. Punguza unene hadi milimita 40, au chimba vyumba vya hewa ndani ya bodi kisha ufunike kwa ubao mwembamba. Mkangazi ni mwepesi kidogo na unachongeka vizuri. Mgrivilea wa mashambani nao ni mwepesi na bei yake ni nafuu. Mtiki ni mzuri, ila una mafuta: kabla ya kuupaka gundi, futa sehemu ya kuungia kwa kitambaa chenye thina na uunge papo hapo. Mvule una tabia mbili za kuchunga. Ndani yake hujificha mawe meupe ya chokaa yanayoua makali ya patasi kwa pigo moja, na vumbi lake huwasha ngozi na kubana kifua. Hata kwa mbao nyingine, vaa barakoa unapopiga msasa. Mpingo usiufanye bodi, kwani bodi yake peke yake ingekaribia kilo 5. Uhifadhi kwa ubao wa freti siku utakapochonga shingo yako. Na ununue mbao kwa muuzaji anayekupa risiti.

Ukavu usiukadirie kwa macho. Mbao nyingi za mitaani zina maji bado, hata zikionekana kavu juu. Nunua mita moja ya mbao ya inchi mbili kwa nane, ikate vipande viwili vya nusu mita, paka gundi kwenye ncha zisipasuke, viweke ndani ya nyumba juu ya vijiti ili hewa ipite chini na juu. Kila wiki vipime kwenye mzani wa jikoni au wa dukani, na uandike uzito kwa penseli juu ya mbao yenyewe. Uzito utashuka, utashuka, kisha utasimama. Ukisimama kwa wiki tatu mfululizo, mbao imepatana na hewa ya hapo ulipo na unaweza kuanza kazi. Huo muda wa kungoja utumie kutafuta vifaa: shingo, pikapu, daraja la nyuzi, funguo za kukazia, swichi na tundu la waya.

Vipande viwili vya mbili kwa nane ukiviunganisha ubavu kwa ubavu vinakupa upana wa kutosha, maana bodi ya aina ya Telecaster ya Fender ina upana wa takriban milimita 325 na urefu wa milimita 400. Mafundi wazuri wana mbinu ya kuunga ambayo inastahili kujulikana na kila mtu. Kunja vipande viwili nyuso kwa nyuso, vibane kwenye jiliwa, kisha uzirande bavu zote mbili kwa pamoja. Hata randa ikienda upande kidogo, kosa la upande mmoja linafutwa na la upande wa pili pindi unapovikunjua. Visimamishe kimoja juu ya kingine dirishani: mwanga ukipenya kwenye kiungo, randa tena. Gundi nyeupe ya mbao, klampu tatu, na siku nzima bila kugusa.

Sasa chora mstari wa kati. Upige kwa rula ndefu kutoka juu hadi chini ya bodi, uzungushe na upande wa nyuma, na usiufute mpaka siku ya kupaka rangi. Kila kipimo kitatoka kwenye mstari huo, wala si kwenye ukingo wa bodi, kwa sababu ukingo utabadilika kila unapoupitishia tupa na msasa. Umbo la nje likosee milimita 3, hakuna atakayejua. Tundu la shingo likosee milimita 1, uzi wa kwanza utakuwa unadondoka nje ya freti maisha yake yote.

Tundu la shingo kwa kawaida lina upana wa milimita 56 na kina cha milimita 16, lakini usizifuate namba hizi kabla hujapima shingo uliyo nayo mkononi. Njia ya uhakika ni kutengeneza pateni ya plaiwudi kwa kuizungushia shingo yenyewe vipande vilivyonyooka, kuvigandisha, kisha kuitoa shingo. Ukiwa na ruta, chimba milimita 4 au 5 kwa kila mpito. Usipokuwa nayo, toboa matundu mengi ya kina sawa kwa drili, malizia kwa patasi kali, na sakafu ya tundu uikague kwa rula ya chuma kila upande. Shingo ikikaa vizuri, unaweza kuinua bodi yote kwa kushika shingo bila skrubu hata moja, na haidondoki.

Kabla ya kutoboa tundu lolote la daraja la nyuzi, fanya jaribio la nyuzi za kushonea. Weka shingo mahali pake, funga uzi wa cherehani kwenye mfereji wa kwanza wa mfupa ulio kichwani mwa shingo, mwingine kwenye mfereji wa sita, uvute zote mbili hadi pale daraja litakapokaa. Inama uangalie. Nafasi kati ya uzi na ukingo wa ubao wa freti iwe sawa pande zote mbili kutoka juu hadi chini. Sogeza daraja kushoto au kulia mpaka ziwe sawa, kisha tia alama.

Umbali ndio wenye hukumu ya mwisho. Shingo nyingi za mtindo wa Fender zimepangwa kwa urefu wa uzi wa milimita 648, na za mtindo wa Gibson takriban 628. Kuthibitisha, pima kutoka mfupa hadi freti ya 12, halafu zidisha mara mbili: ukipata 324, urefu wako ni 648. Kila uzi una kikalio chake kwenye daraja, kinachosogezwa kwa skrubu. Kikalio cha uzi mwembamba kisogeze mbele, karibu na mwisho wa njia yake, kisha uliweke daraja ili kikalio hicho kiangukie 648 kamili. Nyuzi nene zinahitaji urefu wa ziada wa milimita chache, na kwa mpango huu vikalio vyake vina nafasi ya kurudi nyuma.

Kwa skrubu za shingo, matundu ya kwenye bodi yawe mapana kiasi cha skrubu kupita bila kung'ata. Yanayong'ata ni ya kwenye shingo tu. Skrubu ya milimita 45 huingia kwenye shingo kwa takriban milimita 14, na shingo hapo ina unene wa kama 25. Funga utepe kwenye keekee kuonyesha mwisho wa kina, usije ukatokea upande wa freti. Sugua skrubu kwenye sabuni ya mche kabla ya kukaza.

Hapa sasa ndipo pa kutulia. Shingo ya kununua, hata ya bei kubwa, mara chache huja na freti zilizolingana kabisa, na freti moja iliyoinuka kuliko jirani zake inatosha kuufanya uzi uzizime na kuunguruma. Mpigaji wa solo atalijua hilo katika sekunde chache. Nyoosha kwanza shingo kwa ile nondo iliyo ndani yake, kwa ufunguo wake, robo mzunguko kwa kila mara, huku rula ndefu ikiwa juu ya freti. Bandika utepe wa karatasi kwenye ubao kati ya freti zote. Kisha chukua kalamu ya wino mzito upake wino mgongo wa kila freti.

Tafuta kipande cha chuma au alumini kilichonyooka sawasawa, cha urefu wa sentimita 40 hivi. Bomba la pembe nne kutoka kwa fundi wa madirisha linafaa, ila likague kwanza kwenye kioo kinene. Ligandishe msasa namba 400, uliweke juu ya freti na ulisukume kwa urefu wa shingo, bila kulikandamiza. Uzito wake wenyewe unatosha. Baada ya mipito michache, tazama wino. Pale ulipofutika ni palipoinuka, na pale uliposalia pako chini. Endelea taratibu mpaka kila freti ipoteze wino angalau mstari mwembamba katikati, kisha acha papo hapo. Kila mpito wa ziada unakula chuma ambacho hakirudi.

Freti ulizozigusa sasa zina mgongo bapa. Paka wino tena, chukua tupa ya pembe tatu ambayo kona zake zimesagwa zisichane ubao, ukate mabega ya kila freti mpaka ubaki mstari wa wino mwembamba juu kabisa. Mstari huo usiuguse. Malizia kwa msasa namba 600, 1000, kisha 2000, kwa mwendo wa urefu wa shingo. Ukivuta uzi pembeni juu ya freti iliyong'arishwa hivyo, unateleza bila sauti. Kazi hii inachukua jioni mbili za utulivu, na hakuna mbao wala pikapu ghali inayoweza kufidia kutofanyika kwake.

Mwenye hamu ya kuchonga shingo yake mwenyewe baadaye, namba ya kushika ni 17.817. Gawanya urefu wa uzi kwa namba hiyo upate nafasi ya freti ya kwanza: 648 inakupa milimita 36.37. Toa, gawanya kinachobaki, na uendelee. Freti ya 12 itaangukia nusu. Alama zote zipimwe kutoka kwenye mfupa. Ukipima kutoka freti hadi freti, makosa madogo yanajumlishana. Na mfupa wenyewe waweza kuupata buchani: muundi wa ng'ombe, uliokatwa, ukachemshwa kwa maji ya sabuni kutoa mafuta na kuanikwa kivulini.

Umeme wa ndani ya gitaa ni mchache na haumshindi mtu aliyewahi kulehemu redio. Pikapu za koili moja hupewa potenshiometa za kilo-omu 250. Zile za koili mbili, ambazo Seth Lover wa kampuni ya Gibson alizibuni mwaka 1955 ili kuua mngurumo, hupewa 500. Kwa solo kali ya dansi au benga, inayopaa juu ya ngoma na bezi, mimi ningefunga koili moja karibu na daraja na kuuvumilia mngurumo wake mdogo.

Jambo ambalo silivumilii ni ampu isiyo na ethi. Ndani ya gitaa kuna waya unaounganisha daraja, yaani nyuzi zote, na ethi ya ampu. Ampu ikiwa na hitilafu na soketi haina ethi, umeme wa nyumbani unaweza kufika kwenye nyuzi, na mpigaji akigusa kipaza sauti kwa midomo mkondo unapita mwilini mwake. Hii inaua. Kabla ya kuchomeka gitaa jipya, mwite fundi umeme apime soketi. Usikate wala usiache bila kuunganisha mguu wa tatu wa plagi ili ampu inyamaze. Na ampu ya zamani ya vali usiifungue hata ikiwa imezimwa, kwa kuwa kapasita zake hubaki na chaji.

Kwenye rangi watu huharakisha, maana gitaa limekaribia na mikono inawasha. Piga msasa namba 120, 180, kisha 240, ukifuata nyuzi za mbao. Lowanisha bodi kwa kitambaa chenye maji kidogo, acha ikauke, utaona vinyweleo vimesimama. Vikate kwa namba 320. Mninga na mkangazi zina vitundu vilivyo wazi, kwa hiyo ziba kwanza, kisha sanding sila, ndipo laka. Tundu la shingo lizibwe kwa utepe, la sivyo tabaka za rangi zitalipunguza na shingo haitaingia tena.

Pwani, adui wa laka ni unyevu. Thina inapopaa kwa haraka hupoza uso wa bodi, mvuke wa hewani unaganda juu yake, na laka inageuka nyeupe kama ukungu. Pulizia asubuhi baada ya umande kukauka au mchana, kivulini, na wakati wa masika ngoja. Kisha acha bodi itundikwe wiki tatu au nne kabla ya kuing'arisha kwa msasa wa maji namba 1000 hadi 2000, ukikwepa kona, kwani hapo tabaka ni jembamba. Ukitaka rangi ya vikopo viwili, ile inayochanganywa na kigumisho, mpelekee bodi fundi wa rangi za magari mwenye chumba na vifaa vya kupumulia. Mvuke wake hauzuiwi na barakoa ya kitambaa.

Lakini kwa gitaa la kwanza ningechagua mafuta. Mafuta ya kitani yaliyochemshwa, yakipakwa kwa kitambaa na kufutwa, tabaka moja kwa siku, yanauonyesha mninga katika wekundu wake wote, na mkwaruzo wowote unaurekebisha baadaye kwa dakika tano. Onyo ni moja tu, na ni zito: kitambaa chenye mafuta hayo kikikunjwa na kutupwa pembeni hujipasha joto na kuwaka chenyewe. Kitandaze nje kikauke, au kitumbukize kwenye ndoo ya maji.

Funga nyuzi namba 10 na uzikaze. Bana uzi wa sita kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, uangalie nafasi chini yake kwenye freti ya 7: karatasi mbili au tatu za kawaida za kuchapia ziingie bila kubanwa. Nafasi ikizidi, kaza nondo, ikikosekana, ilegeze. Kwenye freti ya 12 kimo cha nyuzi kiwe kati ya milimita 1.6 na 2. Kisha linganisha, kwa programu ya simu, sauti ya uzi uliobanwa kwenye freti ya 12 na ile ya kuugusa tu pale pale bila kuubana. Iliyobanwa ikiwa juu zaidi, rudisha kikalio nyuma. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Shingo itaendelea kuvutwa kwa siku kadhaa, kwa hiyo rudia kipimo cha karatasi baada ya wiki, na tena misimu inapobadilika. Kama unaishi karibu na bahari, futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila baada ya kupiga, na zikianza kuwa nyeusi zibadilishe, ukifungua mmoja na kuweka mpya kabla ya kugusa unaofuata, ili mvuto kwenye shingo usiondoke kwa ghafla.